Tumwite Nani?

Siku moja, kabla redio haijasema neno lolote la vita, Salumu alileta wake wawili wa mgonjwa mmoja, na wodi nzima ikacheka mpaka wenye mishono wakashika matumbo wakiomba tuwahurumie.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee wa Milanzi, ana ngiri, anasubiri kupasuliwa. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimuuliza jina, nikamuuliza anaumwa wapi, kisha nikamuuliza swali letu: "Mzee, ukizidiwa, tumwite nani?" Akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Mwiteni mke wangu mdogo. Yule mkubwa asijue." Haya, Salumu akatumwa. Akarudi na lori, mke mkubwa kakaa mbele kama bibi harusi, mdogo yuko nyuma juu ya magunia ya mahindi, wote wamenuna.

"Salumu!" nikamwambia. "Tumekutuma nini, umeleta nini?"

"Ningefanyaje, Nesi Otilia? Nyumba moja, mlango mmoja. Nimebisha hodi, mkubwa ndiye kaitika."

Mzee wa watu akajifunika shuka gubigubi, akasema sasa yuko tayari kupasuliwa, tena mara moja.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Mimi ni mzee sasa, nakaa Kizwite, hapa Sumbawanga, na bustani yangu ya mboga, na watu hudhani nikiulizwa habari za vita nitaanza na mizinga. Mimi huanza na wake wa yule mzee. Usipojua tulikuwa tunacheka nini, hutajua tulipoteza nini.

Hospitali yetu ilijengwa na wenyeji. Matofali yalifyatuliwa na wakulima wa parokia, watu wa mahindi na ulezi, waliokuwa wakija na jembe begani na uji kwenye kibuyu. Mabati na saruji vilipandishwa na malori ya Waislamu wa mjini, wale wenye maduka. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusimama akasema hospitali hii ni yake. Wodini ungekuta kitanda kimoja rozari, cha pili tasbihi, cha tatu mtu ana hirizi mkononi na hataki iguswe hata wakati wa kuchomwa sindano.

Zamani, kabla sijaajiriwa, mgonjwa alikuwa akiulizwa dini. Watu wakadanganya. Wale wa mizimu walisema ni Wakatoliki, wakiogopa kurudishwa nyumbani, halafu mmoja akifa, padri anafika hamjui marehemu, na ndugu zake wanafika wamekasirika. Sista mkuu wetu, mama mfupi mwenye hasira za karibu na moyo wa karibu, akafuta swali lile. Akasema ulizeni tu, ukizidiwa tumwite nani. Mmoja atasema padri, mwingine shehe, mwingine mjomba, mwingine bibi fulani wa Malangali anayejua dawa za kwao. Aliyetajwa aitwe, na nesi asibanduke kitandani mpaka aliyeitwa afike.

Na mwitaji alikuwa Salumu. Kwao walikuwa na duka na lile lori, na marehemu baba yake aliacha neno kwamba lori lina kazi mbili, kubeba mizigo na kuitia watu. Amebeba mapadri huyu, amebeba mashehe, amebeba bibi mmoja na kuku wake watatu wa tambiko. Kifipa alikisema kutuzidi sisi wenyewe, na akikutana na wazee alichuchumaa akapiga makofi ya salamu, taratibu, mpaka wazee wakasahau kofia yake ya kiua, ya Kiislamu. Alipokuwa akirudi na mtu aliyeitwa, alipiga honi moja ndefu kwenye kona ya kuingilia, na mimi nikisikia honi ile nilimwinua mgonjwa, nikamweka mto vizuri, nikamwambia, "Haya, wako amefika." Nimewaona watu wakitabasamu kwa honi ile, watu ambao hawakuwa na nguvu ya kumeza maji.

Kwa kuwa sikubanduka, nilisikia mengi. Sala za padri ni zangu, nimezikuta kwa mama yangu. Lakini Shehe Ramadhani naye nilimsikia miaka na miaka. Alikuwa akiinama sikioni kwa mgonjwa, anatamka shahada kwa sauti ndogo, anangoja. Hamharakishi mtu. Mgonjwa akishatamka, shehe ananyamaza kimya. Siku moja nikamuuliza mbona haendelei kusali naye. Akaniambia, "Akishasema, usimsemeshe tena, binti yangu. Liwe ndilo neno lake la mwisho."

Salumu alinitania sana. "Nesi Otilia, siku yako ikifika nitakuletea askofu mwenyewe, juu ya magunia."

"Tangulia wewe," nilimjibu. "Mimi nina zamu."

Tulicheka wote wawili.

Kisha redio ikasema nchi imevamiwa kule Kagera. Sumbawanga na Kagera ni mbali, watu wengi mjini hawakujua hata ni upande gani, lakini vita havikutuuliza. Vijana wa mgambo wakaitwa. Malori mazima yakaitwa pamoja na madereva wake, na lori la Salumu lilikuwa zima kwa sababu alilitunza kama yai. Wauguzi wa kujitolea nao wakatakiwa. Nikanyoosha mkono. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto wa kunililia, na kusema kweli niliona si haki lori letu liende lenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, mama yake Salumu alikuja hospitali. Mama Salumu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, wa kanga mbili safi siku zote. Alinipa maandazi kwenye kitambaa, akanishika mkono.

"Otilia mwanangu, sikuombi umrudishe. Kurudisha ni kazi ya Mungu. Ninaloomba ni moja. Likitokea la kutokea, asiondoke peke yake kama mnyama porini. Apate mtu wa kumtamkisha."

"Mama, jeshini Waislamu wamejaa."

"Wamejaa. Watakuwepo pale alipo?"

 Nikamwambia, "Nitamwitia mtu, mama. Nakuahidi." Akaitika kwa kichwa, akaenda zake bila kugeuka.

Tukaiacha baridi ya Ufipa. Tulipita Mpanda, Tabora, Kahama, Biharamulo, na Salumu njia nzima analalamikia joto na kuwasifia watu viazi vya kwetu. Hospitali tuliyopangiwa ilikuwa shule ya msingi upande wa huku wa mto Kagera, katikati ya migomba. Madawati yaliunganishwa yakawa vitanda. Lori letu liliwekwa magodoro ya nyasi nyuma, likawa gari la majeruhi. Ng'ambo ya mto mizinga ilikuwa ikinguruma, mwanzoni unashtuka, baadaye unashtuka ikinyamaza.

Siku ya kwanza tu nikafanya kituko. Nilipokea sajini mmoja, kaumia paja, damu imeshazuiwa, hana hatari yoyote. Nikamwandika jina, nikamfunga bandeji, nikamuuliza kwa upole kama nilivyozoea, "Ndugu, ukizidiwa, tumwite nani?"

Sajini akabadilika rangi. "Kwani nakufa?"

"Hapana, ndugu. Nauliza tu."

"Unaulizaje tu?"

Nikaenda kwa wa pili, naye akaanza kutetemeka. Wa tatu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Sumbawanga. Loo! Ningenyamaza. Mnajua sifa tuliyopewa Wafipa nchi hii, ya uchawi, radi za mchana na mambo gani sijui. Kufika jioni chumba kizima kinajua kwamba kuna nesi wa Sumbawanga, akikuuliza lile swali lake, huamki. Wanaume wenye bunduki, waliovuka mto chini ya risasi, wakiniona nakuja na dripu wanageukia ukutani na kujifanya wamelala.

Daktari wetu, meja mmoja mtaratibu, akaniita nje. "Ndugu muuguzi, sijui mila zenu. Acha kuniulia askari kwa maneno."

Nikaacha. Iliniuma sana, maana kwetu swali lile lilikuwa heshima, ni kumwambia mtu kwamba hapa hutakuwa peke yako. Pale liligeuka kitu cha kutisha. Salumu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kando ya tairi. "Wamekutambua, Nesi! Mimi nilikuwa nimekuficha miaka yote." Halafu akasema, "Mimi je? Huku hakuna wa kumwita. Nabeba watu tu. Nimekuwa mbeba mizigo kweli sasa."

Alikuwa akienda na kurudi. Akikaribia shule alipiga honi ile ile ndefu, ingawa alikuwa amekatazwa kupiga kelele. Nikiisikia najua yuko hai. Siku hizo zote niliishi kwa honi hiyo, naungama wazi. Wasemao kwamba nilimpenda waseme. Nilimpenda. Si kwa namna wanayofikiri, au labda ni kwa namna hiyo, sasa hivi haina tofauti.

Asubuhi moja ya mvua lori likaja bila honi.

Nikatoka nje. Aliyekuwa anaendesha ni askari nisiyemjua. Turubai limetoboka.

Salumu alikuwa nyuma, juu ya godoro aliloliweka mwenyewe.

Vipande vya bomu vilikuwa vimempasua tumbo. Meja aliinua kitambaa, akaangalia, akakirudisha. Akanitazama machoni, akaenda kwa wale aliowaweza.

Tulimlaza chumba cha mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa na akili zake kamili. Uso wake umekuwa mdogo.

Kombora la kwanza likaanguka kwenye migomba.

La pili karibu zaidi. Vumbi likashuka darini. Walioweza kutembea wakakimbilia mahandaki, wengine wakabebwa. Meja akapiga kelele, "Ndugu muuguzi, toka!"

Sikutoka. Chumbani tulibaki wale ambao hawakubebwa, na mimi.

Salumu akasema, "Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Swali lenu."

"Lilikatazwa, Salumu."

"Kwa hao wageni. Mimi mtu wa Sumbawanga."

Nikapiga magoti.  "Salumu, ukizidiwa, tumwite nani?"

Akatabasamu, nawaapia. "Mwiteni Shehe Ramadhani. Sasa atakuja na lori gani? Dereva mwenyewe ndiye huyu."

Kombora jingine. Dirisha likavunjika.

Nikasimama, nikapaza sauti kwa wale waliolala mle. "Kuna Mwislamu humu? Jamani, kuna Mwislamu?"

Mkono mmoja ukainuka. Alikuwa koplo aliyepigwa risasi ya taya na ya paja. Uso wake wote ulikuwa bandeji, nimemfunga mwenyewe jana yake. Asingeweza kutamka hata jina lake.

Tukatazamana, mimi na koplo yule. Nilimvuta na dawati lake mpaka ubavuni kwa Salumu.

Nikarudi kupiga magoti. Ahadi ya mama yake nilikuwa nayo kifuani kama jiwe. Nilimwogopa Mungu? Wengi wameniuliza. Sikupata nafasi ya kumwogopa. Niliinama sikioni mwa Salumu kama nilivyomwona shehe akiinama, nikatamka shahada, kwa sauti ndogo, nikangoja.

Salumu akafumbua macho, akanitazama kwa mshangao, kisha mshangao ukaisha.

Nikatamka tena. Koplo, kando yangu, alinyoosha kidole cha shahada juu, akakishikilia hapo.

Salumu akatamka. Polepole, lakini yote, mpaka mwisho.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba ile siku niliposema atangulie nilikuwa natania. Nikauma midomo. Nikamshika mkono, nikanyamaza, na makombora yakaendelea, na sijui ni wakati gani hasa ule mkono uliacha kuwa wake.

Kesho yake Waislamu wa kikosi walirudi kutoka mbele. Walimsalia, wakamzika mtelemkoni, mbele ya migomba. Koplo alijikongoja kwa fimbo, ameshikwa huku na huku, mpaka kaburini. Sijawahi kurudi kule. Watu wanasema sasa ni mashamba ya kahawa. Lori lilivuka mto likaenda mbele na vita, na sikuliona tena. Hata sasa, gari kubwa likipiga honi barabara ya Mpanda, mkono wangu huenda wenyewe kutafuta mto wa mgonjwa.

Niliporudi, barua ya jeshi ilikuwa imenitangulia na matanga yalikwisha zamani. Nilikwenda dukani kwao moja kwa moja, na vumbi la safari mwilini. Mama Salumu alikuwa ameketi na Shehe Ramadhani chumba cha nyuma.

"Shikamoo mama. Shikamoo shehe."

"Marahaba." Mama alininyooshea mkeka. Hakuniuliza aliumia wapi, wala kama aliteseka. Aliuliza, "Alitamka?"

"Alitamka, mama. Yote."

Akafumba macho. Kisha akauliza, "Nani alimtamkisha?"

Ningeweza kumtaja koplo. Nusu ya ukweli ingekuwa mle. "Mimi, mama. Mwenzangu mmoja Mwislamu alikuwepo, lakini mdomo wake ulikuwa umevunjika."

 Dukani mteja alikuwa anaita mafuta ya taa na hakuna aliyemwitika. Shehe akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Ulijifunza wapi, binti?"

"Kwako, shehe. Wodini."

Akafikiri sana. "Basi," akasema, "aliyetamka ni yeye. Wewe ulimkumbusha tu."

 Mama Salumu aliinuka akaniletea chai, ikamwagika kwenye kisosi, akanipa hivyo hivyo. Nilikunywa, nikaaga.

Miaka ikaenda. Tulisalimiana sokoni, kwenye foleni ya sukari, kwenye misiba. Alikuwa akinijibu vizuri, ananiuliza habari za wazazi wangu, anapita. Jambo lile hatukuligusa kamwe. Nami sikujua. Wallahi sikujua. Usiku na mchana nilijiuliza kama mama yule huniona mtu aliyetimiza ahadi, au mwanamke Mkristo aliyeweka ulimi wake kwenye sikio la mwanawe katika saa ambayo haina marudio. Ningependa anitukane kuliko ile adabu yake. Salumu nilimkosa, na mama yake nikamkosa vile vile, naye yupo mtaa wa pili.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, sikuwa zamuni. Nilikuwa bustanini natifua ardhi, mikono imejaa udongo, nikamwona mhudumu wa hospitali anakuja mbio.

"Nesi Otilia, unaitwa. Mama Salumu amelazwa tangu jana. Moyo."

"Mwiteni shehe," nikasema. "Mbona mnakuja kwangu?"

"Tulimwambia hivyo. Alipopokelewa aliulizwa, ukizidiwa tumwite nani, akakutaja wewe. Nesi akadhani amekosea, akauliza tena. Akasema shehe atakuja baadaye kumswalia. Sasa hivi anamtaka yule aliyekuwa na mwanawe."

Nilikwenda na udongo wangu. Sikunawa, sikubadili nguo, nilikata katikati ya mashamba ya watu. Nesi aliyekuwa naye hakuwa amebanduka. Aliponiona akainuka kunipisha.

Mama Salumu alikuwa ameegemezwa mto. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akaichukua hivyo hivyo michafu.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Haya. Nisemee kama ulivyomsemea mwanangu."

Nikainama, nikamsemea, taratibu, nikangoja. Naye alipokwisha kutamka, sikumsemesha tena.